Dondoo muhimu: Pedi za breki zipimwe, zisisubiriwe kulia

Madereva wengi hungoja pedi zilie ndipo wamwone fundi. Huku Diani na Msambweni, sikio halitoshi. Hewa ya chumvi huivika diski kutu nyembamba kwa usiku mmoja tu, na gari hukwaruza asubuhi hata pedi zikiwa nzima. Ukikanyaga breki mara mbili tatu, kutu hutoka na sauti hukoma. Mlio mkali usiokoma ndio wa kuogopa, ila si kila pedi ina kibati kinacholia pedi ikiisha. Kwa hiyo pima. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi bila kuhesabu bamba la chuma. Ikifika 3, badilisha, kushoto na kulia kwa pamoja.

Utaambiwa usubiri kilomita zitimie. Lakini anayeteremka kila siku kutoka Kwale mjini hadi Kombani, au matatu inayosimama kila kituo kati ya Likoni na Ukunda, hula pedi upesi kuliko anayekwenda moja kwa moja Lunga Lunga. Kagua pedi ya ndani pia, maana mara nyingi ndiyo huisha kwanza. Na mafuta ya breki yakipungua bila kuvuja, usiongeze kabla ya kutazama pedi.