KITAMBAA KIMOJA, MAGAUNI MAWILI

Somo la ufundi wa nyumbani



Mmekwisha jua kusoma na kuandika. Mmekwisha jua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Sasa je, elimu hiyo tuifanyie kazi gani? Wapo wanaoitumia kusoma barua. Wapo wanaoitumia kuangalia mizani wakati wa kuuza mazao. Leo sisi tutaitumia kukata nguo.

Akina baba msiruke ukurasa huu. Mafundi cherehani wengi ni wanaume, na watoto ni wetu sote.

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Ana mabinti wawili. Mkubwa ana miaka 7, mdogo ana miaka 3. Ameuza kuku wake, akapata pesa ya kununua kitambaa kimoja tu. Pesa ya kitambaa cha pili hana. Pesa ya kumlipa fundi hana. Akikata vibaya, watoto wote wawili wamekosa nguo na kuku amekwisha kwenda. Maji yakimwagika hayazoleki. Na kitambaa ni hivyo hivyo.

Basi mama huyu afanyeje? Ahesabu kwanza, ndipo ashike mkasi.

Kigezo ni nini?

Kigezo ni karatasi iliyokatwa kwa umbo la nguo. Fundi huiweka juu ya kitambaa, akafuata ukingo wake kwa chaki. Mijini viko vigezo vya kununua. Lakini si lazima kununua. Kuna mshono wa miaka mingi wa watu wa pwani, nao ni kanzu. Kanzu hukatwa kwa vipande vilivyonyooka. Kuna badani ya mbele na ya nyuma, kuna taharizi za ubavuni, kuna kikwapa, na kuna kaba ya shingoni. Mafundi wa kanzu walipima mwili wa mtu, wakakata. Sisi tutafuata njia hiyo hiyo, tena iliyo rahisi zaidi.

Vifaa

Tafuta vitu hivi: futi kamba, mkasi mkali, sindano, uzi, pini, chaki, na magazeti ya zamani. Kama huna chaki, kipande chembamba cha sabuni kavu kinatosha. Alama yake hutoka kwa maji.

Tazama vizuri futi kamba yako. Kwa kawaida upande mmoja una sentimita 150, na upande wa pili una inchi 60. Chagua upande wa sentimita, na ubaki hapo mpaka mwisho. Ukipima kifua kwa sentimita na kitambaa kwa inchi, hesabu yote imeharibika.

Huna futi kamba? Chukua uzi mnene, upime mwili wa mtoto, ufunge fundo. Halafu nyoosha uzi huo juu ya rula ya mwanafunzi. Rula hiyo ina sentimita 30.

Wazee wetu walipima kwa shubiri, kwa mkono na kwa pima. Vipimo hivyo ni vizuri kama mtu mmoja ndiye anayepima kila kitu. Lakini mkono wa mwenye duka si mkono wako. Sentimita ni ile ile kwa kila mtu.

Dukani

Mama yetu anataka kitambaa cha urefu wa mita 1 na nusu, yaani sentimita 150. Upana wake uwe sentimita 110 au zaidi kidogo. Vitambaa vingi vya pamba madukani vina upana wa karibu na hapo, lakini usikubali maneno matupu. Pima mwenyewe.

Hapa pana mtego. Uliza: "Unaniuzia kwa mita au kwa yadi?" Mita 1 ni sentimita 100. Yadi 1 ni sentimita 91 na kidogo. Yadi 1 na nusu ni sentimita 137 tu. Hebu tutoe: 150 kutoa 137 ni 13. Sentimita 13 ni upana wa kiganja na zaidi. Gauni la binti mkubwa litapungua urefu, na kitambaa cha kaba hakitatosha.

Tena, angalia maua ya kitambaa. Gauni letu litakunjwa mabegani bila mshono. Kwa hiyo kama kitambaa kina miti iliyosimama au ndege, mbele watasimama na nyuma watakuwa kichwa chini. Chagua kitambaa kisicho na juu wala chini: cha rangi moja, cha madoadoa, au cha maua yaliyotawanyika. Khanga yenye maandishi iache kwa kujifunga. Ukiikata hivi, maneno yake yatasimama wima na hayatasomeka.

Ukifika nyumbani, loweka kitambaa kwenye maji, kianike, kisha kinyooshe kwa pasi. Vitambaa vya pamba hupungua vikilowa mara ya kwanza. Heri kipungue kabla ya kukatwa kuliko kupungua mwilini mwa mtoto. Kikikauka, kipime tena. Kama kimepungua, punguza urefu wa gauni kwa nusu ya kiasi hicho.

Hesabu

Mpime mtoto vitu vitatu. Cha kwanza ni kifua: zungusha futi kamba chini ya makwapa, usikaze. Cha pili ni urefu: kutoka begani karibu na shingo mpaka chini ya goti. Cha tatu ni kichwa: zungusha juu ya masikio. Andika kwenye daftari.

Binti mkubwa: kifua 60, urefu 70, kichwa 52.
Binti mdogo: kifua 52, urefu 50, kichwa 49.

Sasa fanya hesabu ya kwapa. Gawanya kifua kwa 4, halafu jumlisha 5. Katika hiyo 5, sentimita 3 ni nafasi ya kupumua na kucheza, na sentimita 2 ni za mshono.

Mkubwa: 60 gawanya kwa 4 ni 15. Jumlisha 5, ni 20.
Mdogo: 52 gawanya kwa 4 ni 13. Jumlisha 5, ni 18.

Kisha hesabu ya urefu. Jumlisha sentimita 5 za pindo, halafu zidisha kwa 2, kwa sababu kuna mbele na nyuma.

Mkubwa: 70 na 5 ni 75. Mara 2 ni 150.
Mdogo: 50 na 5 ni 55. Mara 2 ni 110.

Mnaona? Kitambaa cha 150 kwa 110 tutakipasua kwa urefu. Kipande cha upana wa 60 ni cha mkubwa. Kipande cha upana wa 50 ni cha mdogo. Huyu mdogo atatumia urefu wa 110 tu. Kinabaki kipande cha 40 kwa 50. Hicho kigawe katikati, upate vipande viwili vya 25 kwa 40. Ndizo kaba za magauni yote mawili. Hakuna kilichotupwa.

Jaribu kwa karatasi

Usikimbilie kitambaa. Haraka haraka haina baraka. Chukua magazeti ya zamani, yagandishe kwa uji mzito wa muhogo au wa ngano, yakauke. Kata karatasi ya upana wa 30 na urefu wa 75. Hiyo ni robo moja ya gauni la mkubwa.

Weka karatasi mezani au mkekani. Ukingo wa kushoto ni katikati ya mwili. Ukingo wa juu ni begani. Sasa tia alama ya kwapa: kutoka juu shuka 20, na kutoka kushoto ingia 20. Namba ni ile ile mara mbili. Kutoka alama hiyo, piga mstari ulionyooka kwenda kulia mpaka ukingoni. Huo ni upande wa chini wa mkono wa gauni. Rudi kwenye alama ya kwapa, piga mstari wa kushuka mpaka pembe ya chini kulia. Huo ni ubavu. Pembe ya kwapa izungushe kidogo, isiwe kali. Kata.

Mwekee mtoto karatasi hiyo kifuani. Je, inafika katikati ya ubavu na kuzidi? Urefu umefika? Kama kuna kosa, umepoteza gazeti tu. Kata jingine.

Kukata

Kitambaa cha mkubwa ni 60 kwa 150. Kikunje kwa urefu, upana uwe 30. Halafu kikunje tena, mwanzo na mwisho vikutane, urefu uwe 75. Sasa kuna tabaka nne.

Hapa simama kidogo. Kunjo la kwanza liwe kushoto. Kunjo la pili liwe juu. Pembe ambapo makunjo mawili yanakutana ni pembe ya shingo. Ukiweka karatasi kwenye pembe nyingine, utapata vipande vilivyoachana badala ya gauni. Kwa hiyo shika pembe hiyo kwa mkono, useme: "Hapa ni shingo." Ndipo uweke karatasi, ubane kwa pini, uchore, ukate. Shingo usiikate sasa.

Shingo na kaba

Kunjua gauni, ulitandaze upande wa nje ukiwa juu. Mstari wa katikati na mstari wa mabega vinapishana. Tia alama hapo.

Kata kaba iwe 25 kwa 30. Pinda kingo zake na uzishone. Pindo liwe jembamba sana. Kwenye upande wa ndani wa kaba, shuka 7 kutoka ukingo wa juu, katikati ya upana, utie alama. Kutoka alama hiyo chora shingo: 7 kushoto, 7 kulia, 9 mbele, 2 nyuma. Unganisha kwa mstari wa mviringo.

Je, kichwa kitapita? Shingo hii ina mzunguko wa karibu sentimita 40. Kichwa ni 52. Haipiti! Basi tuweke mpasuko wa sentimita 10 mbele, kutoka shingoni kushuka kifuani. Mpasuko una kingo mbili, kwa hiyo unaongeza 20. Jumla ni 60. Sasa kichwa kinapita. Kwa mdogo chora 6 kushoto, 6 kulia, 7 mbele, 2 nyuma, na mpasuko ule ule wa 10.

Lalia kaba juu ya gauni, upande wa nje wa kaba ukitazama upande wa nje wa gauni. Alama zikutane. Bana kwa pini, upige bandi. Shona kufuata mstari wa shingo. Kwenye mpasuko shona mistari miwili, mmoja kila upande, ikutane chini kama ncha ya mkuki. Ukimaliza kushona, ndipo ukate katikati, ukiacha nusu sentimita ndani ya mshono. Chanja chanja kidogo kwenye mviringo, lakini usiguse uzi. Geuza kaba iende ndani, uinyooshe kwa pasi. Weka kifungo kimoja na kitanzi cha uzi. Mtoto atafunga mwenyewe.

Kumalizia

Kunja gauni mabegani, upande wa ndani ukiwa nje. Shona kutoka mwisho wa mkono, pita kwapani, shuka ubavuni mpaka chini, ukiacha sentimita 2 ukingoni. Kama huna cherehani, shona kwa mkono. Kila ukitoa sindano mbele, irudishe nyuma kidogo kabla ya kuendelea. Mshono huo haufumuki upesi. Kila hatua isizidi punje ya mchele. Kwapani shona mara mbili, maana ndipo panapochanika.

Chanja kidogo kwenye mviringo wa kwapa ili pasivute. Pitisha uzi kwenye kingo ili zisichambuke. Pinda mikono sentimita 2. Pinda chini sentimita 5. Kwa nini 5 nzima? Kwa sababu mtoto anakua. Mwakani utafumua pindo, utalishusha, na gauni litavaliwa tena. Pindo refu ni akiba.

Baadaye utaweza kuongeza mfuko au mkanda. Na gauni la mtu mzima linakatwa kwa hesabu hii hii, ila vipimo ni vikubwa na kitambaa ni kirefu zaidi. Anza na la mtoto, mkono uzoee.

Maswali

1. Mtoto ana kifua cha 64. Hesabu ya kwapa ni ngapi?
2. Urefu wake ni 76. Anahitaji kitambaa cha urefu gani?
3. Dukani kuna kipande cha yadi 2. Kitamtosha kwa urefu?
4. Shingo ni 38, kichwa ni 51, mpasuko ni 8. Kichwa kitapita?

Majibu: 1. Sentimita 21. 2. Sentimita 162. 3. Ndiyo. Yadi 2 ni sentimita 182 na zaidi, zitabaki kama 20. 4. Ndiyo. 38 na 16 ni 54.

Fanyeni kwanza kwenye daftari, watatu au wanne pamoja, na mmoja awasomee wenzake hatua kwa sauti. Mkipata majibu haya bila kuyachungulia, basi mkasi ni wenu. Kazi njema.