Sasisho Lililoua Simu: Dhima ni ya Nani?

*Barua nyingi, za kutoka Fataki na Bunia huku Kongo, zauliza jambo moja: "Nilibonyeza 'Nakubali', sasisho likaingia, na tangu hapo simu yaonyesha nembo ya kiwanda kisha huzima. Je, haki yangu si imekwisha?"*

Haikwisha. Dhana hii, ambayo wauza simu huieneza kwa kuwa yawafaa wao, yanichosha kuliko zote. Aliyeridhia simu yake itiwe programu mpya ameridhia kutengenezewa, hakuridhia kuharibiwa. Naye hakuwa na njia ya kuyajua yaliyomo, ilhali mtengenezaji aliyajua, au ilimpasa kuyajua. Kibonyezo cha 'Nakubali' chaweza kupunguza baadhi ya madai, lakini hakifuti dhima ya hila wala ya kosa zito. Sheria ya mapatano ya Kongo, iliyowekwa kwa dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, yasema katika kifungu cha 258 kwamba kila tendo la mtu limtialo mwenziwe hasara humlazimu aliyekosa kuilipa. Na sasisho ni tendo, lililotendwa na kiwanda baada ya mauzo, ndani ya mali isiyokuwa yake tena.

Wala hayo si maneno ya vitabuni tu. Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Samsung faini ya yuro milioni 5, kwa kuwahimiza wenye Galaxy Note 4 watie Android iliyoandaliwa kwa Note 7 bila kuwaonya juu ya madhara yake, na kisha kuwadai gharama kubwa za matengenezo wale ambao dhamana yao imekwisha. Apple nayo, kwa mambo kama hayo, ikatozwa yuro milioni 10. Lakini faini huingia hazina ya dola: fidia yako sharti uidai mwenyewe.

*Fundi wa sokoni asema ni virusi, naye ataiflashi. Nimpe?*

Usimpe. Akishaiflashi, yaani kuitia programu upya, ushahidi umefutika.

*Simu ilinunuliwa Kampala, ikavuka mpaka kwa kupitia Mahagi. Nimdai nani?*

Kwa kasoro iliyofichika tangu siku ya mauzo, mdai mwuzaji, tena upesi, kwa maana sheria haimngoji mzembe. Kwa hasara ya sasisho, mdai mtengenezaji. Pasipo karatasi ya mauzo, aghalabu utafukuzwa mlangoni.

*Basi nikatae masasisho yote?*

La. Mengi huziba mianya ya wezi, na fedha zako zimo simuni.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali sasisho lijalo, bonyeza *#06#, uandike nambari ya IMEI, toleo la programu na tarehe, uhifadhi pamoja na karatasi ya mauzo: anayedai bila ithibati hupoteza bure nauli ya kwenda kudai.