Maji ya chumvi hayaui vijidudu!

Leo tunazungumzia kitu ambacho umekitumia tangu asubuhi hii: maji ya ndoo iliyopo hapo jikoni kwenu.

Hivi karibuni nilikaa na wanafunzi wa sekondari pale Buguruni, tukawa tunajadili magonjwa ya kuhara. Msichana mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono. "Dada, sisi tunakunywa maji ya kisima, yana chumvi. Bibi anasema chumvi inaua vijidudu, kwa hiyo hatuchemshi. Ni kweli?" Darasa zima likageuka kunitazama. Baadaye niligundua kuwa wengi wao wanaamini hivyohivyo.

Jibu ni hapana. Tena kwa upande wa kipindupindu mambo ni kinyume kabisa: kijidudu chake huishi vizuri tu kwenye maji yenye chumvi kiasi, kama yale ya mito inapokutana na bahari. Chumvi unayoisikia ulimini kwenye maji ya kisima ni ndogo mno kuweza kumdhuru.

Sasa kwa nini maji ya nyumba moja ni baridi na ya jirani yana chumvi? Angalia yanakotoka. Maji mengi ya bomba hapa Dar es Salaam hutoka mto Ruvu, kupitia mtambo wa Ruvu Juu uliojengwa mwaka 1959 na ule wa Ruvu Chini wa mwaka 1976. Mto huo unaanzia milima ya Uluguru, na maji yake huwa na chumvichumvi kidogo kuliko visima vingi vya jiji. Baada ya ukame wa 1997 visima vilichimbwa kwa wingi mitaani. Maji ya kisima hukaa ardhini muda mrefu, yakiyeyusha madini ya udongo na mawe. Na karibu na pwani, watu wakivuta maji baridi mengi kupita kiasi, maji ya bahari husogea kuchukua nafasi yake chini kwa chini.

Hapo ndipo tunapopata maji magumu, yale ya kwenye daftari lako la kemia. Ugumu unaletwa hasa na kalsiamu na magneziamu. Maji yenye chini ya miligramu 60 kwa lita (yakipimwa kama kalsiamu kaboneti) huitwa laini. Yakizidi 180 ni magumu sana. Yale madini hushikana na sabuni, yakafanya utando mweupe unaoganda kwenye beseni, na povu hulioni. Mama anamaliza mche wa sabuni kwa shati mbili!

Jaribu mwenyewe. Chukua chupa tatu zinazolingana: moja weka maji ya mvua, nyingine ya bomba, ya tatu ya kisima, nusu chupa kila moja. Kwangua sabuni ya mche, iyeyushe kwenye maji ya mvua yenye uvuguvugu. Dondosha matone machache kwenye kila chupa, tikisa, ongeza, tikisa tena, huku ukihesabu hadi povu likae bila kuzama. Yaliyokula matone mengi ndiyo magumu zaidi. (Sabuni ya unga usitumie, yenyewe hutoa povu hata kwenye maji magumu, itakudanganya.) Kisha chemsha yale ya kisima, yaache yapoe na kutuama, rudia. Matone yakipungua, sehemu ya ugumu ilikuwa ya muda: moto umeigeuza kuwa ule ukoko mweupe wa kwenye sufuria. Uliobaki ni ugumu wa kudumu.

Ukoko huo watu wanauogopa bure. Ni chokaa tu, unatoka kwa ndimu au siki. Maji magumu hayana madhara makubwa kiafya, ni hasara ya sabuni na kuni. Maji ya chumvi nyingi ni habari nyingine kidogo. Mwenye presha ajitahidi kupata maji baridi ya kunywa.

Hatari yenyewe haina ladha. Buguruni nyumba zimebanana, kisima na choo cha shimo wakati mwingine vinatenganishwa na ukuta mmoja, ilhali inashauriwa viwe mbali angalau mita 30. Masika yakifika, wapo wanaotapisha vyoo usiku mvua ikinyesha. Unajua yanakwenda wapi. Hata bomba si la kuaminiwa moja kwa moja: maji yakikatika, bomba lenye tundu linaweza kunyonya uchafu wa mtaro lililopita, nawe siku maji yakirudi unakinga ndoo ya kwanza kwa furaha. Kipindupindu kililipuka Dar es Salaam Agosti 2015 kikasambaa mikoa mingi. Wala usijidanganye na weupe wa maji. Shabu inatuamisha matope vizuri sana, lakini vijidudu wanabaki humo humo.

Kwa hiyo: chuja kwa kitambaa safi, chemsha hadi maji yatokote sawasawa kwa dakika moja, hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko. Au tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi. Na usichovye kikombe chenye mkono wako ndani ya ndoo.

Yule msichana hakuridhika. "Dada, mkaa nani atanunua?" Swali zuri kuliko la kwanza. Nikamwambia atafute chupa za plastiki zisizo na rangi, za lita moja au moja na nusu, azioshe, azijaze maji yasiyo na matope, azifunge na kuzilaza juu ya bati kwenye jua kali kwa saa sita. Kukiwa na mawingu, ziache siku mbili. Mionzi ya jua na joto vinaua vijidudu. Chumvi itabaki palepale.

Akahesabu kwa vidole: watu watano, chupa saba au nane kwa siku. "Bati tunalo," akasema. "Bibi nitamwambia ni jaribio la shule."