Mtoto Akipelekwa Kupimwa Stadi za Viungo

Karibu kila darasa lina mtoto wa namna hii. Wenzake wamemaliza kunakili ubaoni, yeye bado yuko mstari wa pili. Vifungo vya shati anafungwa na dada yake. Kwenye rede hachaguliwi, na akichaguliwa anatolewa mapema. Nyumbani anaitwa mzembe, shuleni mvivu. Huenda si mzembe wala mvivu. Ipo hali inayomfanya mtoto ashindwe kuoanisha mwendo wa viungo vyake kama wenzake ilhali akili yake ni timamu, na wataalamu wanakadiria kuwa inawapata watoto 5 hadi 6 katika kila 100 wa umri wa shule. Aibu ya watoto hawa inaniuma, kwa sababu wanaadhibiwa kwa jambo ambalo lingeweza kupimwa na kushughulikiwa.

Kupima kwenyewe si jambo jipya. Mrusi Nikolai Oseretsky alichapisha majaribio yake ya stadi za mwendo mwaka 1923. Mmarekani Robert Bruininks aliyafanyia kazi upya mwaka 1978, na toleo la pili la kipimo chake, la mwaka 2005, linapima kuanzia miaka 4 hadi 21. Uingereza ilitoa kipimo kiitwacho Movement ABC. Toleo lake la pili, la mwaka 2007, lina kazi 8 kwa kila kundi la umri: kazi za mikono, kulenga na kudaka, na kusimama bila kuyumba. Matoleo ya tatu ya vipimo hivi viwili yamesogeza umri hadi miaka 25, na hilo ni jambo jema, maana tatizo hili haliishi mtoto akibalehe. Linamfuata kijana kwenye chumba cha mtihani, jikoni, na anapojifunza kuendesha gari.

Kinachovitofautisha vipimo hivi na macho ya kawaida ya mwalimu ni kwamba kila mtoto anapewa kazi ileile, kwa vifaa vilevile na maelekezo yaleyale, kisha matokeo yake yanalinganishwa na ya watoto wa umri wake. Chukua kazi moja ya kipimo cha Bruininks. Mtoto anaketi mezani, sarafu zimewekwa mbele yake. Anaokota moja kwa mkono anaoutumia zaidi, anaipitisha kwenye mkono wa pili, na mkono huo unaitia kisandukuni. Ana sekunde 15. Zinazohesabiwa ni sarafu zilizoingia tu, lakini mpimaji mzuri anaona mengi zaidi: kama vidole vinabana sarafu au vinaikumbata kwa kiganja kizima, kama mkono mmoja unausubiri mwingine, kama ulimi umetoka nje kwa jitihada. Mwambie akusimulie alichoona. Maelezo hayo mara nyingi yana faida kuliko alama yenyewe.

Alama hizo huandikwa kwa pasentaili, na wazazi wengi huzisoma kama maksi za mtihani. Sivyo. Pasentaili ya 5 haimaanishi mtoto amepata 5 kati ya 100. Maana yake ni kwamba ukiwapanga watoto 100 wa rika lake kwa uwezo, yeye yuko pamoja na wale 5 wa mwisho. Katika toleo la pili la Movement ABC, pasentaili ya 5 kushuka chini huwekwa alama nyekundu, ya 6 hadi 15 rangi ya njano ya tahadhari, na zaidi ya hapo kijani. Lakini kila kipimo kina pengo la makosa, na mtoto wa pasentaili ya 14 huenda hana tofauti yoyote na wa 17. Usikubali maisha ya mtoto wako yaamuliwe na mstari mwembamba kiasi hicho. Uliza makadirio ya kosa ni kiasi gani.

Uliza pia swali ambalo wengi hawaliulizi: analinganishwa na nani? Viwango vya vipimo vikubwa vimetokana zaidi na watoto wa Ulaya na Marekani. Mtoto ambaye hajawahi kushika mkasi atashindwa kukata duara, na kushindwa huko hakusemi lolote juu ya misuli yake. Mwenzake aliyekua akicheza mdako, anayerusha kijiwe na kuokota vingine kabla hakijatua, ana uratibu wa macho na mkono ambao ubao wa vijiti vya plastiki huenda usiuonyeshe siku ya kwanza.

Hili si la kukatisha tamaa, kwani kazi imeshafanyika hapa kwetu. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, Amina Abubakar na wenzake walichapisha mwaka 2008 kipimo cha watoto wa miezi 6 hadi 35, kinachoangalia mwendo wa mwili na uratibu wa macho na mikono, kikiwa kimejaribiwa kwa watoto wa hukohuko. Malawi ilifuata mwaka 2010 na kipimo cha watoto hadi miaka 6, kilichojengwa kwa kuwapima watoto zaidi ya 1,400. Kwa watoto wachanga, Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatoa vipindi vya kutazamia: kukaa bila kushikwa kati ya miezi 3.8 na 9.2, kutembea peke yake kati ya miezi 8.2 na 17.6. Upana wa vipindi hivyo uwatulize akina mama wanaoshindanisha watoto kwenye foleni ya kliniki. Katika utafiti huo, watoto wapatao 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa, na walitembea.

Pengo kubwa liko kwa watoto wa shule, ambao bado wanapimwa zaidi kwa viwango vya nje. Hapo ripoti ya mwalimu ina uzito wa pekee, kwa sababu yeye anamwona mtoto kati ya wenzake 40 au 60 wa mtaa uleule.

Siku ya kupimwa, nenda na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Alama hutafutwa kwa umri wa miaka na miezi, na tarehe iliyobuniwa inaharibu hesabu yote. Mtoto awe amelala na kula. Kama ana miwani, aivae. Kama haelewi vizuri lugha ya mpimaji, sema mapema, la sivyo kitakachopimwa ni usikivu wake. Na tafadhali, kaa kimya. Mzazi anayesema "kaza mkono, mwanangu" anadhani anasaidia, kumbe ameondoa usawa ambao ndio nguvu ya kipimo. Usimfanyishe mazoezi ya kazi hizo nyumbani usiku uliotangulia.

Kipimo peke yake hakitoi jina la ugonjwa. Ili mtoto asemwe ana tatizo la uratibu wa viungo, stadi zake ziwe chini ya rika lake, udhaifu huo uwe unavuruga maisha yake ya kila siku, uwe ulianza utotoni, na usiwe umesababishwa na macho, ulemavu wa akili au ugonjwa wa neva. Kwa hiyo daktari lazima amwone.

Zipo pia dalili zisizongoja kipimo chochote. Mtoto ambaye hatembei akiwa na miezi 18, anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka mmoja, aliyepoteza uwezo aliokuwa nao, au mvulana anayeinuka kutoka sakafuni kwa kujisukuma kwa mikono juu ya mapaja yake, apelekwe hospitali mara moja.

Baada ya matokeo, msaada unaofanya kazi vizuri zaidi ni mazoezi ya jambo lenyewe linalomshinda: vifungo kama ni vifungo, mwandiko kama ni mwandiko, kwa kuweka lengo, kupanga namna, kutenda na kukagua. Mtaalamu wa tiba kazi au wa fiziotherapia ataongoza, lakini kazi kubwa hufanyika nyumbani, dakika chache kila siku. Kwa kijana anayekaribia mtihani wa taifa, ripoti inaweza kutumika kuombea muda wa ziada, na maombi hayo hupitia shuleni mapema.

Usiondoke bila ripoti ya maandishi yenye jina la kipimo, toleo lake, tarehe, umri wa mtoto siku hiyo na pasentaili ya kila sehemu. Atakayempima mara ya pili atahitaji yote hayo ili ajue kama mtoto ameendelea.