Kiyoyozi kikubwa mno chaweza kumtesa mwenye pumu

Msimu wa kaskazi uliopita, mama mmoja wa hapa Mombasa aliniletea mwanawe wa miaka sita. Mtoto ana pumu. Dawa zake alikuwa akizitumia sawasawa, lakini kila usiku alikohoa hadi alfajiri.

"Na juzi tu tumemtilia AC chumbani, daktari, tena kubwa kabisa," mama akaniambia.

Nikamwuliza ni ya ukubwa gani. Ilikuwa ya BTU 24,000, katika chumba cha mita nne kwa tatu!

Wengi hudhani kiyoyozi kikubwa ndicho bora. Sivyo. Mashine hii ina kazi mbili: kupunguza joto, na kukausha unyevu wa hewa, ambao hugeuka maji na kutoka kwa ule mpira unaodondoka nje ya ukuta. Kazi hii ya pili huhitaji muda. Mashine iliyozidi kiasi hupoza chumba kwa dakika chache, kisha hupumzika kabla hewa haijakauka. Chumba huwa baridi na chepechepe kama pango. Kuvu huota nyuma ya kabati, na vile vidudu vya vumbi visivyoonekana kwa macho huzaana godoroni. Vyote viwili huamsha pumu. Mashine za inverta hupunguza nguvu zenyewe, lakini nazo zina kikomo. Msikubali muuzaji awaambie kwamba kipimo si kitu.

Iliyo ndogo mno nayo hunguruma usiku kucha, bili ya stima ikapanda, na bado mwatokwa jasho.

Hesabu yenyewe si ngumu. Pima urefu wa chumba, zidisha kwa upana. Huku Pwani mafundi wengi hukisia BTU 600 kwa kila mita mraba. Chumba cha mtoto yule ni mita mraba 12, yaani BTU 7,200, kwa hivyo mashine ya 9,000 yamtosha. Ongeza kidogo ikiwa dirisha latazama magharibi na hupigwa na jua la alasiri, ikiwa juu yenu ni mabati bila dari, au ikiwa watu zaidi ya wawili hulala humo. Nyumba za Mji wa Kale zenye dari za juu pia zahitaji nyongeza. Fundi asiyeuliza lolote kati ya haya, akakutajia mashine akiwa bado dukani, mwache aende zake. (Ndugu zetu wa Limuru wafungue dirisha tu.)

Jambo moja zaidi ambalo mimi kama daktari siwezi kuliacha. Viyoyozi vingi vya nyumbani haviingizi hewa mpya. Huzungusha ile ile iliyomo. Kukiwa na mtu aliyekohoa zaidi ya majuma mawili, apimwe kifua kikuu, na madirisha yafunguliwe kila siku. Chujio lioshwe angalau mara moja kwa mwezi.

Yule mama hakuitupa mashine yake. Sebule yao ni mita sita kwa sita, yaani BTU 21,600, na huko ndiko ilikohamishiwa. Chumbani pakatiwa ndogo, na ukuta wenye kuvu ukasuguliwa. Mtoto angali anatumia dawa zake, maana kiyoyozi si tiba ya pumu, lakini nilipomwona mwezi wa Machi alikuwa akilala hadi asubuhi.