"Nzuri, Ila…": Kumweleza Mpendwa Wako Kwamba Una Sonona



Kwetu anayeulizwa habari hujibu "nzuri" hata akiwa msibani. Kisha huongeza: "Nzuri, ila mtoto anaumwa." Neno hilo dogo, *ila*, ndilo mlango wa ukweli.

Mwaka jana, nikiwa mwaka wa kwanza wa falsafa, niliishia kwenye "nzuri" kwa miezi mitatu. Kila Jumapili nilimwambia mama kwenye simu, "Huku salama, masomo yanaendelea." Kumbe usiku silali, chakula hakipiti, na Masifu ya Asubuhi nayasali kwa midomo tu. Nilijiita mvivu, kisha nikajiita mtu asiye na imani. Niliogopa kurudishwa nyumbani, ambako wanajumuiya walichanga hadi nauli yangu ya kuja seminarini.

Sonona ni nini?

Sonona si huzuni ya kawaida. Mtu huwa na majonzi, au hupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu siku nzima na karibu kila siku, kwa majuma mawili au zaidi. Huambatana na dalili kama kukosa usingizi, uchovu na kujiona hufai kitu. Ni ugonjwa, nao una tiba: mazungumzo na mtaalamu, na dawa inapohitajika.

Je, ni upungufu wa imani?

Tumtazame nabii Eliya (1Fal 19:3-8). Alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani peke yake, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Mungu hakumkemea. Alimtuma malaika aliyemgusa na kumpa mkate na maji. Eliya akalala tena, na malaika akarudi mara ya pili. Naye Yoshua bin Sira anatufundisha kusali tuuguapo na pia kumpa tabibu nafasi yake (YbS 38:9-12). Sala na hospitali havigombani.

Wanafalsafa nao wana somo hapa. Boethius, akiwa kifungoni kabla ya kuuawa mnamo mwaka 524, aliandika kitabu kuhusu faraja ya Falsafa. Humo Falsafa anamjia kama mwanamke tabibu, na kabla ya kumtibu anamtaka afunue kidonda chake. Wahenga wetu walikwisha kuonya: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tuanzie wapi?

*Chagua mtu mmoja.* Si lazima ukoo mzima ujue. Tafuta anayetunza siri.

*Taja yanayoonekana.* "Nina mawazo" ni maneno mepesi kupuuzwa. Mimi nilisema: "Mama, sijambo, ila tangu mwezi wa pili silali, na sioni faida ya kuamka."

*Sema unachohitaji.* Kusikilizwa? Kusindikizwa hospitali? Mwambie.

*Asipoelewa mara ya kwanza, usifunge mlango.* Mama alinijibu, "Sali, mwanangu, huyo ni shetani." Nilikata simu nikiwa nimevunjika moyo. Kesho yake alfajiri akapiga mwenyewe: "Sikulala. Hospitali unaenda lini?" Siku hiyohiyo nilimwendea mlezi wangu. Hakunifukuza, alinitafutia miadi na daktari.

Na wewe unayeambiwa?

Usiseme "jikaze" wala "wenzako wana shida kubwa zaidi." Kaa naye, sikiliza, kesho mwulize tena. Ukihofu kwamba anawaza kujiua, mwulize waziwazi. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali kwamba anawaza hivyo, usimwache peke yake. Mfikishe hospitali siku hiyohiyo.

Sijamaliza safari. Bado naenda kliniki, na zipo asubuhi ambazo kengele ya kuamka ni mzigo. Lakini sasa mama akiniuliza habari, husubiri kidogo baada ya "nzuri" yangu. Ananiachia nafasi ya *ila*.

Kwa tafakari: Ni nani unayemjibu "nzuri" kila siku, ambaye ungeweza kumwambia yaliyobaki? Na ni nani anayekujibu "nzuri", nawe hujawahi kusubiri?