Divai ya Misa: Kwa Nini Ni ya Zabibu?



Baada ya somo juu ya Misa Takatifu, mmoja wenu aliuliza: "Mwalimu, huku kwetu Fizi na Baraka tunalo tembo la mchikichi, tunayo na kasiksi ya ndizi. Mbona Padre hatumii vinywaji vyetu altareni? Je, Mungu avidharau?" Swali hili ni jema, nalo lastahili jibu.

Kwanza, tuujue mzabibu. Ni mti utambaao, uzaao matunda kwa vichala. Si lazima kuvuka bahari ili kuuona. Ukivuka ziwa Tanganyika hadi Kigoma, ukasafiri kwa gari la moshi kupita Tabora, utafika Dodoma, nchi kavu yenye mvua haba. Huko, katika misioni ya Bihawana, wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu, na baadaye wakulima wenyeji wakaishika kazi hiyo. Zabibu nyekundu ilimwayo sana huko yaitwa Makutupora, kwa jina la mahali penye kituo cha utafiti wa kilimo. Huvunwa mara 2 kwa mwaka, maana matawi hupogolewa mara 2. Mzabibu usiopogolewa huwa na majani mengi na matunda machache. Someni Injili ya Yohane, sura ya 15, mtaelewa.

Pili, tujue jinsi divai nyekundu ifanywavyo. Zabibu hupondwa, zikaachwa pamoja na maganda yake. Chachu huigeuza sukari ya tunda kuwa kileo. Wekundu hutoka katika maganda, kwa kuwa maji ya zabibu nyingi nyekundu hayana rangi hiyo. Basi msidhani ya kuwa divai huwa Damu ya Kristo kwa ajili ya wekundu wake. Divai nyeupe nayo yafaa kwa Misa. Si rangi itendayo, bali neno la Kristo na nguvu ya Roho Mtakatifu.

Tatu, kwa nini zabibu tu? Kwa sababu Bwana Yesu, katika karamu ya mwisho, alitwaa mkate na divai ya mzabibu, akawaagiza Mitume wafanye vivyo hivyo kwa kumkumbuka. Kanisa halikubuni sakramenti hii, bali liliipokea. Naye aliyewekewa amana haibadili. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 924, yaagiza divai iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika, nayo itiwe maji kidogo. Hata Misale ya majimbo ya nchi yetu, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, ilipokea desturi zetu na kuwataja wahenga wetu wema, lakini mkate na divai haikuvigusa.

Basi, tembo letu halikudharauliwa. Nchi za Ulaya zisizo na mizabibu hunywa pombe ya shayiri, nao Mapadre wao hawawezi kuitia katika kalisi. Sheria ni moja kwa wote. Mchikichi pia ni kiumbe cha Mungu. Mshukuruni kwa ajili yake, mkinywa kwa kiasi.

Maswali ya kujipima:
1. Wekundu wa divai hutoka wapi?
2. Je, divai nyeupe yafaa kwa Misa?
3. Kwa nini Kanisa halibadili divai ya zabibu?